Tuandikieni Mlichokiona
Barua ya wazi kwa wanaookoa mbwa na paka

Kwa wanaoendesha vituo vya kuokoa wanyama, na kwa madaktari na maafisa mifugo wa halmashauri zetu,



Kazi mnayoifanya wengi mtaani hawaijui, na baadhi ya wanaoijua wanaidharau: kumtoa mbwa mtaroni usiku, kukata kamba iliyozama shingoni hadi nyama ikaota juu yake, kuhangaika kupata dona na dagaa wa kulisha mabanda yote kwa michango isiyotosha. Huruma mnayo tayari, na katika hilo sina la kuongeza. Ninawaandikia kuhusu karatasi.

Mtu akija kwenu kuchukua mbwa, huondoka na kadi ya chanjo, kamba, na hadithi. Kadi ina tarehe na sahihi ya daktari. Kamba inashikika. Hadithi ndiyo inayonikosesha raha, maana karibu kila mara ni ileile: "Huyu aliteswa sana." Niliambiwa hivyo nilipomchukua wangu, jirani yangu akaambiwa hivyo alipochukua wake, na dada mmoja wa kazini kwetu akaambiwa hivyo kuhusu paka. Ukiuliza alimtesa nani, wapi, na nani aliona, maelezo yanaanza kuyumba. Anaogopa wanaume, basi alipigwa na mwanamume. Anaogopa fagio, basi alipigwa kwa fagio. Hakuna anayekusudia kudanganya. Mnyama amejikunyata kwenye kona, mtu mwenye moyo mwema anamtazama, na moyo unajaza pale ambapo macho hayakufika.

Ombi langu ni hili. Tuandikieni mlichokiona wenyewe. Tuandikieni mlichoambiwa na aliyemleta, na jina la mahali alikotoka. Kama mnakisia, semeni mnakisia. Kila kimoja kikae mahali pake, kwenye karatasi itakayofuatana na mnyama hadi nyumbani kwa mtu.

Woga wa mbwa hauhitaji fimbo ili uzaliwe, na hilo limejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Kwenye maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuwachunguza watoto wa mbwa wanavyokua, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Kabla ya hapo, mwaka 1961, Daniel Freedman na wenzake wawili walichapisha jaribio ambalo ningependa kila anayefanya kazi vituoni alijue. Watoto wa mbwa walikulia na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakapata chakula bila kuonana na watu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja tu wakazoeshwa watu, wengine wakiwa na umri wa wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa, kisha wakarudishwa uwanjani. Kundi la mwisho halikuguswa na binadamu hadi wiki ya 14. Hao hakuna aliyewapiga wala kuwanyima chakula. Hata hivyo walimkimbia mtu kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye hazikuwafikisha walipofika wenzao.

Sasa tuangalie wa kwetu wanazaliwa wapi. Wanazaliwa kwenye mapagale ya Goba, chini ya makontena ya biashara, nyuma ya machinjio ya Vingunguti, pembeni ya dampo la Pugu Kinyamwezi. Mbwa aliyefika miezi minne huko bila kuguswa na mkono wa mtu atajibana ukutani utakapomkaribia, atakojoa ukimnyanyua, hatakula ukimtazama. Mtu akimwona hivyo atasema lazima alichapwa. Inawezekana kabisa hajachapwa hata mara moja.

Na kuna hili la kuinama. Mbwa yeyote aliyeishi mtaani Dar es Salaam anajua kwamba mtu akiinama ghafla kinachofuata ni jiwe. Inama ufunge kamba ya kiatu, yeye ameshavuka barabara. Amejifunza jambo la kweli kuhusu watoto wetu, tena amejifunza kwa kuona wenzake wanavyofanywa. Ukimpa mwenye nyumba mpya habari hiyo peke yake, "huyu ni wa mtaani, usimwinamie, chuchumaa ukiwa mbali umgeuzie ubavu", umemsaidia kuliko hadithi ndefu ya baba mkatili ambaye hakuna anayemjua.

Mbwa wa ulinzi naye ana yake. Geti limeandikwa MBWA MKALI, na nyuma ya geti kuna banda la mbao lisilo na dirisha. Mchana kutwa amefungiwa humo, usiku anafunguliwa, kwa imani kwamba mbwa asiyeona watu ndiye atakayewang'ata. Mwenye nyumba akihama au akifariki, mbwa huyu analetwa kwenu. Hajui ngazi. Hajui mwavuli, mtoto anayekimbia, bodaboda, wala sakafu ya marumaru inayoteleza. Kila anachokiona ni kigeni kwake, na anatetemeka. Mbwa huyu hakufundishwa dunia, na anayemchukua anapaswa kuanza naye kwenye jambo moja kwa wakati, kwa mbali, kukiwa na kitu kitamu mkononi. Aliyepigwa kweli kwa waya wa umeme anahitaji mengine: kwanza ajue kwamba mkono unaokuja kichwani haushuki kwa nguvu. Aliyelelewa dampo bila watu huenda asimpende mgeni maisha yake yote, na mtu anayemchukua anastahili kuambiwa hivyo mapema, asije akasubiri miaka akidhani ni yeye anayekosea.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona hadithi ya mateso inavyowafunga watu mikono. Familia iliyoambiwa "huyu aliteswa" haithubutu kumkataza kitu. Akinguruma mtoto anapopita karibu na sahani yake, wanasema maskini, amepitia mengi, na mtoto anaambiwa apite mlango wa nyuma. Akigoma kutoka nje, anaachwa ndani wiki nzima. Huruma ya namna hiyo inamwacha mbwa palepale alipokuwa siku ya kwanza, na siku akimng'ata yule mtoto, anarudishwa kwenu akiwa na sifa mbaya juu ya woga wake wa zamani.

Mwili wa mnyama unasema mengi, na ninyi ndio mnaouona kabla haujaoshwa. Kucha ndefu zilizopinda ni za mbwa aliyefungiwa, kwa kuwa za mzururaji husagwa na lami na kokoto. Viwiko vyenye sugu visivyo na manyoya ni vya aliyelalia saruji muda mrefu. Kovu linaloizunguka shingo kama pete mara nyingi ni la kamba au mnyororo aliovishwa akiwa mdogo, akakua nao bila mtu kuulegeza. Chonge zilizolika kwa upande wa nyuma ni za mbwa aliyekuwa akitafuna wavu au nondo za banda lake. Jike mwenye chuchu zilizolegea amenyonyesha, na anayemchukua ana haki ya kujua hivyo asije akashangaa anapomwona anabeba kandambili za watoto na kuzilalia. Hayo yote yanaonekana siku ya kwanza. Baada ya sabuni ya kupe, wiki tatu za chakula cha kushiba na kukatwa kucha, nusu yake imefutika. Kama hakuna aliyeandika, imepotea.

Andikeni pia magonjwa yaliyotibiwa. Mbwa wetu wa mtaani hupata uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, na daktari huutibu kwa sindano za vinkristini, kwa kawaida moja kila wiki kwa wiki kadhaa. Mbwa aliyepita kwenye sindano hizo huenda asipende kabisa kuguswa kiunoni, na huenda akamchukia kila mwenye koti jeupe. Mwenye nyumba asiyejua atasema alinajisiwa. Nimelisikia neno hilo likitamkwa sebuleni kwa watu, mbele ya watoto, kwa sababu tu hakuna aliyeandika mstari mmoja kuhusu matibabu.

Kwenye umri msijitese. Meno ya utoto huwa yameshabadilika yote mbwa anapofika kama miezi saba, kwa hiyo kabla ya hapo mnaweza kusema kwa uhakika. Baada ya hapo meno yanategemea alichokula na alichotafuna. Kuandika "mtu mzima, si mzee" kunatosha, na ni kweli zaidi kuliko "miaka mitatu". Aina ya mbwa nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2009 Victoria Voith na wenzake huko California walilinganisha aina zilizotajwa na vituo kwa kutazama tu na majibu ya vinasaba vya mbwa haohao, na mara nyingi havikukubaliana. Huyo mnayesema ana damu ya jemani shefadi kwa sababu masikio yamesimama, huenda hana hata tone.

Nirudi kwenye woga, niwape mfano wa mbwa ninayeishi naye. Kahawa ni jike wa rangi ya kahawia, mdogo wa umbo, yuko kwangu Kinyerezi. Radi haimsumbui. Inaweza kupasuka juu ya paa la bati yeye akafungua jicho moja akalifumba. Kinachomtisha ni maji yanayotembea. Maji yakimwagwa barazani yakaanza kuufuata mteremko kuelekea mlangoni, Kahawa yuko juu ya meza ya chakula, katikati kabisa, miguu yote minne imebanana, mate yanadondoka kwenye kitambaa cha meza. Haangalii mtu, anaangalia ule ukingo wa maji unavyosogea. Ndoo iliyojaa maji yaliyotulia anainywa bila wasiwasi.

Kituoni tuliambiwa kwamba huenda alimwagiwa maji ya moto na mama ntilie. Lilikuwa jambo la kuaminika, yanatokea. Tukawa waangalifu jikoni, hakuna aliyepita na sufuria karibu naye. Lakini ngozi yake haina kovu la moto hata moja, na sufuria yenyewe hakuwahi kuijali.

Ukweli nilikuja kuupata kwa bahati, kwenye foleni ya daktari. Kijana mmoja aliyekuwa ameleta mbuzi alimtazama Kahawa, akamtazama tena, akasema, "Huyu si yule wa Jangwani?" Akanieleza. Masika, mto Msimbazi ulikuwa umepanda, watu wanahamisha magodoro kwa vichwa. Nyuma ya kibanda kilichoachwa kulikuwa na mbwa amefungwa kamba kwenye nguzo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameegemeza nguzoni, hawezi kubweka tena. Kijana alikata kamba kwa wembe akambeba begani hadi barabarani, upande wa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na kesho yake akamfikisha kituoni. "Mbona niliwaambia pale mapokezi," akasema. "Niliwaambia yote."

Aliwaambia yote, na hakuna aliyeandika.

Nilichokipata kwa dakika zile chache kilibadilisha nyumba yetu. Sufuria ikaachwa ipite. Tukaanza na kitambaa kilicholowa sakafuni na dagaa pembeni yake, kisha maji ya kijiko, kisha kikombe kinachomwagwa mbali naye, yeye akiwa huru kuondoka. Na jambo kubwa kuliko yote: hafungwi kamba mvua inaponyesha, kamwe, hata kama wageni wanaogopa mbwa. Hilo nisingelijua kwa kumtazama. Leo bado anapanda juu, lakini anapanda kwenye kochi badala ya meza, na anashuka mwenyewe maji yakikauka. Inawezekana hatakwenda zaidi ya hapo, na sina neno.

Wanaosoma mambo ya wanyama watakumbuka kwamba mafuriko yameshawahi kufunza somo hili. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad, na maji yakaingia kwenye mabanda ya mbwa wa Ivan Pavlov, yule mwanafiziolojia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Watumishi walipofika, mbwa walikuwa wanaogelea ndani ya vizimba vyao, pua zikigusa juu. Milango ilikuwa chini, ndani ya maji, kwa hiyo ilibidi wawazamishe ili wawatoe. Wote waliokolewa, na walionekana wazima. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi yao wamesahau walichofundishwa kwa muda mrefu, wengine wamebadilika tabia. Mmoja aliporudia hali yake, walifanya maji machache yapenye chini ya mlango wa chumba alimokuwa. Akavurugika upya. Pavlov aliweza kuunganisha woga na chanzo chake kwa sababu mbwa wake walikuwa na majina na kumbukumbu zao, na siku ya mafuriko ilikuwa imeandikwa. Kahawa alikuwa na kijana wa mbuzi, na mimi nilikuwa na bahati ya foleni ndefu.

Mtu anaweza kuniuliza: tukiandika yote, si tutawatisha watu? Nani atamchukua mbwa aliyeandikiwa "alikuwa wa kupiganishwa" au "aliwahi kung'ata"? Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu najua mabanda yamejaa na kila anayeondoka anampisha mwingine. Jibu langu liko Virginia, nchini Marekani. Mwaka 2007 polisi waliingia kwenye nyumba ya Michael Vick, nyota wa futiboli ya Kimarekani, wakakuta mbwa zaidi ya 50 wa mchezo wa kupiganishwa. Kawaida ya wakati ule ilikuwa mbwa wa namna hiyo wauawe wote kesi ikiisha, na hata baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalishauri hivyo. Historia yao ilikuwa imeshawahukumu. Mahakama ikaamua wapimwe mmoja mmoja, ikamteua mwalimu wa sheria, Rebecca Huss, asimamie, na Vick akaamriwa kulipa karibu dola 928,000 za matunzo yao. Kati ya wote waliopimwa, ni mmoja tu aliyeuawa kwa sababu ya ukali. Waliokuwa na hali ngumu zaidi, 22, walipelekwa kwenye hifadhi ya Best Friends huko Kanab, Utah. Wengi wao baadaye walikaa majumbani mwa watu, na wachache walifundishwa kuwaliwaza wagonjwa.

Hakuna aliyeficha walikotoka. Kila mtu Marekani alijua. Waliopona walipona kwa sababu waliowachukua walijua wanachukua nini: huyu haelewani na mbwa wengine, huyu anaganda akiona uzio, huyu anapenda watoto. Anayeogopeshwa na karatasi ya kweli hakuwa mtu sahihi kwa mbwa yule, na ni heri ageuke mlangoni kwenu kuliko amrudishe baada ya miezi miwili.

Kuna wanaoleta wanyama kwa hiari, na hawa ndio chanzo kizuri kuliko vyote ambacho hakitumiki. Wana aibu. Wanasema mtoto ana pumu, wanasema wanahama, wanataka waondoke haraka kabla machozi hayajatoka. Masaki na Oysterbay mkataba wa mgeni unapoisha mbwa anaachiwa mlinzi, mlinzi anahamishiwa lindo jingine, mbwa anafika kwenu akiwa hana anayemjua. Ninaomba msiwahukumu watu hawa usoni, maana aliyehukumiwa hafungui kinywa. Mpeni kiti na maji. Muulizeni mbwa anaitwaje, kwa sababu jina alilozoea ndiyo sauti pekee anayoijua katika sehemu nzima ngeni, na vituo vingi vinalibadilisha siku hiyohiyo. Muulizeni anaamriwa kwa lugha gani. Nimeona mbwa anayeitwa mkaidi akikaa papo hapo alipoambiwa kwa Kijerumani. Alikuwa analala ndani au nje? Alikula nini? Ameishi na watoto, kuku, paka? Ameshawahi kung'ata, na ilikuwaje siku hiyo? Mwisho, mkiwa mmeshazoeana, muulizeni sababu halisi ya kumleta.

Paka nawataja kwa ufupi, ingawa wanastahili barua yao. Kwao mlango wa kuzoea watu hufunguka mapema na kufungwa mapema, takriban wiki ya pili hadi ya saba. Paka wa soko la samaki la Feri aliyefikia utu uzima akipambana na kunguru hatageuka wa mapajani kwa sababu umemnunulia mto. Akiwa na sikio lililokatwa ncha, ameshahasiwa na mtu fulani aliyemrudisha alipomtoa. Mwandikieni alikuwa wa nyumba, wa soko, au wa porini kabisa. Mstari huo mmoja utamwokoa paka asirudishwe kwa kosa la kujificha chini ya kitanda.

Sasa nawageukia madaktari na maafisa mifugo wa halmashauri, kwa sababu kwenu jambo hili linagusa uhai wa watu. Kichaa cha mbwa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa hadi miezi kadhaa kabla ya dalili, na mara chache hata zaidi ya mwaka. Dalili zikishaanza, kwa mtu au kwa mbwa, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo tarehe mbwa aliyookotwa, kata aliyookotwa, na kama alikuwa na jeraha la kung'atwa, si mapambo. Mbwa aliyeonekana mzima siku ya kuchanjwa anaweza kuwa ameshaambukizwa wiki tatu kabla. Mtoto akiumwa na mbwa huyo, baada ya kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kukimbilia chanjo hospitalini, swali la kwanza la daktari litakuwa: mbwa ni wa wapi, amechanjwa lini, anaweza kuangaliwa siku 10? Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi aliyechukua mbwa kwenu asikose majibu.

Kadi nyingi za chanjo nilizoziona zinasema "mbwa, kahawia, jike". Mtaani kwetu mbwa wa namna hiyo ni wengi. Kadi ingekuwa na nafasi ya alama za mwili, mahali alikookotwa, mmiliki wa kwanza kama anajulikana, na mmiliki wa sasa, mngejua pia chanjo yenu imefika wapi. Lengo linalotajwa kimataifa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na mbwa anayebadilisha mikono bila karatasi anahesabiwa mara mbili au hahesabiwi kabisa. Chipu ya ngozini yenye namba 15 ingekuwa bora zaidi, lakini wenye kisomeo cha chipu ni wachache. Karatasi tunaiweza leo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Sijui ustawi gani unaweza kusimamiwa kwa mnyama ambaye hakuna anayeweza kusema ametoka wapi.

Najua mtakachosema vituoni: watu ni wachache, mikono imejaa. Ninachoomba kinaingia kwenye kaunta buku la shilingi chache, ukurasa mmoja kwa kila mnyama, pale mapokezi, kalamu imefungwa kwa uzi. Anayemleta anaandika au anaandikiwa kabla hajaondoka. Anayemwosha anaongeza alichokiona mwilini. Anayemlisha anaongeza baada ya siku chache: anakula watu wakiwepo? Anageuka akiitwa? Anafanyaje anapoona ndoo, fagio, mtoto, mbwa mwenzake? Siku ya kuchukuliwa ukurasa unapigwa picha kwa simu, mwenye mbwa anaondoka nayo. Mwezi ukipita mpigieni, mwongeze alichokiona yeye, kwa maana siku za mwanzo mbwa wengi wanakuwa kimya kwa hofu, na tabia zao za kweli zinaanza kujitokeza wanapokwisha kuzoea. Akirudishwa, Mungu apishe mbali, atakayemfuata hataanza na ukurasa mtupu.

Jumamosi nina nafasi. Kituo chochote cha Dar es Salaam kitakachokubali, nitakuja na kaunta buku mwenyewe, nitakaa mapokezi kuanzia asubuhi, na nitaanza na wale waliopo mabandani sasa hivi, wakati waliowaleta bado wanakumbukwa na namba zao bado ziko kwenye simu zenu.

Wenu,
Mfugaji, Kinyerezi, Dar es Salaam